Draiva inayowaka vizuri na kuzima vibaya: namna ya kuitibu

Mwongozo huu ni wa mtu anayeijua C kiasi cha kutosha, aliyeandika au kurithi draiva ya Linux, na sasa anasumbuliwa na ugonjwa mmoja: kifaa kinaanza vizuri ukikiwasha kwa utaratibu, lakini kikikatishwa katikati, au kikiondolewa na kurudishwa, keneli (kiini cha Linux) inalalamika au inaganda kabisa.

Mimi natengeneza visanduku vya kupima joto na unyevu kwenye maghala ya mbegu za viazi na vyumba baridi vya parachichi, kuanzia Uyole mpaka Njombe. Ndani ya kila kisanduku mna bodi ndogo inayoendesha Linux, kihisi kinachozungumza kwa nyaya za I2C, na relei ya kuwashia feni. Draiva ya kihisi hicho niliirithi ikiwa imeshaandikwa. Hapa nitaiita ghala.

Kule Uporoto umeme ukirudi haurudi mara moja. Unarudi, unashuka, unakatika, unarudi tena, na kihisi kinapata umeme wake wakati bodi imeshaamka na inakisubiri. Hali hiyo ndiyo inayoipitisha draiva kwenye njia zake za kushindwa, ambazo mezani hazipitiwi kamwe. Mwenye ghala pale Isyonje akipiga simu hasemi keneli imeanguka. Anasema, "Fundi, namba zimeganda kwenye kumi na mbili toka jana, na viazi vimeanza kutoa jasho." Ukisikia namba zimeganda, usikimbilie kubadilisha kihisi. Omba kwanza logi.

Dalili kwenye dmesg

Kwenye logi yake, inayosomwa kwa amri ya dmesg, keneli inasema mengi kuhusu makosa ya aina hii, ila lazima ujue kila sentensi inaelekeza wapi. "Trying to free already-free IRQ" maana yake intarapti (ishara ya kifaa ya kumkatiza prosesa) imerudishwa mara mbili, mara nyingi kwa sababu mtu ameiomba kwa devm_request_irq, ambayo huirudisha yenyewe, halafu akaita free_irq kwa mkono. "unbalanced disables" inatoka kwa regyuleta (kidhibiti cha umeme wa kifaa) iliyozimwa mara nyingi kuliko ilivyowashwa. "cannot create duplicate filename" inasema kuna kitu kilisajiliwa kwenye sysfs (mafaili ya /sys ambamo keneli huonyesha vifaa) na hakikufutwa pale probe, fanksheni inayoanzisha kifaa, iliposhindwa, na sasa probe imerudi na kulikuta jina lake limeshakaliwa.

Mbaya kuliko zote ni "Unable to handle kernel paging request" inayotokea sekunde chache baada ya rmmod, amri ya kuondoa moduli. Hapo kuna taima au kazi iliyobaki kwenye foleni, wakati wake umefika, na msimbo wake haupo tena kwenye kumbukumbu.

Andika hesabu ya probe kwenye karatasi

Kabla ya kugusa msimbo, chukua karatasi ugawe safu mbili. Kushoto andika kila kitu ambacho probe inachukua, kwa mpangilio uleule: kumbukumbu, umeme, intarapti, foleni, usajili. Kulia andika nani anakirudisha na wakati gani. Kushusha kunafuata sheria ya lori la viazi: gunia la mwisho kupakiwa ndilo la kwanza kushuka. Pengo lolote upande wa kulia ni kosa, na mstari wowote unaovunja mpangilio huo ni kosa pia, hata kama kila kitu kinarudishwa.

Hivi ndivyo ghala ilivyokuwa, nikiwa nimepunguza yasiyohusika:

```c
static int ghala_probe(struct i2c_client *client)
{
	struct device *dev = &client->dev;
	struct device *hw;
	struct ghala *g;
	int ret;

	g = devm_kzalloc(dev, sizeof(*g), GFP_KERNEL);
	if (!g)
		return -ENOMEM;
	g->client = client;
	i2c_set_clientdata(client, g);

	g->vdd = devm_regulator_get(dev, "vdd");
	if (IS_ERR(g->vdd))
		return PTR_ERR(g->vdd);
	ret = regulator_enable(g->vdd);
	if (ret)
		return ret;

	ret = devm_request_irq(dev, client->irq, ghala_irq,
			       0, "ghala", g);
	if (ret)
		return ret;

	INIT_DELAYED_WORK(&g->kazi, ghala_soma);
	mutex_init(&g->kufuli);

	ret = ghala_anzisha(g);
	if (ret)
		return ret;

	hw = devm_hwmon_device_register_with_info(dev, "ghala",
						  g, &ghala_chip, NULL);
	return PTR_ERR_OR_ZERO(hw);
}

static void ghala_remove(struct i2c_client *client)
{
	struct ghala *g = i2c_get_clientdata(client);

	cancel_delayed_work_sync(&g->kazi);
	regulator_disable(g->vdd);
}
```

Ukiupitia haraka unaonekana msimbo safi, na kwa miezi unaweza kufanya kazi bila shida. Sasa uchunguze kwa ile karatasi.

Kosa la kwanza ni umeme. Baada ya regulator_enable kuna sehemu tatu ambazo probe inaweza kushindwa, na hakuna hata moja inayozima umeme. devm_regulator_get inarudisha ile pointa tu. Kuwasha ulikofanya mwenyewe ni juu yako kukuzima.

La pili ni intarapti kuombwa kabla ya foleni na kufuli kuandaliwa. Tangu sekunde ile devm_request_irq inaporudi, ghala_irq inaweza kuitwa. Kama kihisi tayari kina umeme na waya wake wa "data iko tayari" umeshapanda, itaitwa papo hapo. Kazi yake ni kuweka g->kazi kwenye foleni, na g->kazi bado ni sifuri tupu kutoka kzalloc, kwa hiyo foleni itapewa kazi ambayo haijaandaliwa na haina fanksheni ya kuita. Mezani, kihisi kikiwa kimetoka kuwashwa, nafasi hiyo ni finyu na huioni. Ghalani, umeme ukishuka na kupanda, kihisi kimeshaanza kupima zamani na nafasi inakuwa pana.

La tatu ndilo lililokuwa likigandisha namba, na nataka tukae nalo kidogo.

Kuchanganya devm na kazi ya mkono

Familia ya devm iliingia Linux mwaka 2007, toleo 2.6.21, kwa kazi ya Tejun Heo. Wazo lake ni kwamba rasilimali zinafungwa kwenye kifaa chenyewe: probe ikishindwa, au kifaa kikitengana na draiva, keneli inazirudisha zote kwa mpangilio wa kinyume. Linalosahaulika ni wakati. Kifaa kinapoondolewa, devm huanza kazi yake baada ya remove kumaliza, haianzi kabla.

Sasa rudia remove ya hapo juu ukilijua hilo. Inafuta kazi iliyoko kwenye foleni, halafu inazima umeme. Lakini intarapti bado iko hai, kwa sababu devm haijaifikia. Waya ukitikisika kidogo wakati umeme unashuka (na hutikisika, nimeuona kwenye oskiloskopu), ghala_irq inaitwa na kuweka kazi mpya kwenye foleni ambayo umetoka kuifuta. Remove inarudi. devm inafuta usajili wa hwmon (sehemu ya keneli inayowaonyesha watumiaji vipimo), inarudisha intarapti, kisha inaachilia kumbukumbu ya g. Ile kazi mpya inaamka na kusoma kumbukumbu ambayo si yake tena.

Zaidi ya hapo, kati ya regulator_disable na kufutwa kwa hwmon, faili la temp1_input, ambalo joto husomwa humo, bado linaonekana. Skripti ya ghalani ikilisoma wakati huo, kihisi hakina umeme na usomaji unashindwa. Skripti yetu ikipata kosa ilikuwa inaandika tena namba ya mwisho. Ndipo ilipotoka ile kumi na mbili iliyoganda.

Kanuni ninayoishika kwenye kila draiva ni hii: ukianza na devm, nenda nayo hadi mwisho wa probe. Ukifika kwenye kitu cha mkono, kila kinachofuata nacho kiwe cha mkono, au hicho cha mkono kifunge ndani ya devm kwa devm_add_action_or_reset. Neno reset hapo lina uzito: keneli ikishindwa kukusajilia hilo tendo la kusafisha, inalitekeleza papo hapo, kwa hiyo huna haja ya kuandika njia nyingine ya kushindwa.

Baada ya matibabu, probe inaendelea hivi kuanzia pale tulipoweka clientdata:

```c
	mutex_init(&g->kufuli);

	ret = devm_regulator_get_enable(dev, "vdd");
	if (ret)
		return dev_err_probe(dev, ret, "umeme wa kihisi haupatikani\n");
	msleep(20);

	ret = ghala_anzisha(g);
	if (ret)
		return dev_err_probe(dev, ret, "kihisi hakijibu\n");

	ret = devm_delayed_work_autocancel(dev, &g->kazi, ghala_soma);
	if (ret)
		return ret;

	ret = devm_request_irq(dev, client->irq, ghala_irq,
			       0, "ghala", g);
	if (ret)
		return dev_err_probe(dev, ret, "intarapti imekataliwa\n");

	hw = devm_hwmon_device_register_with_info(dev, "ghala",
						  g, &ghala_chip, NULL);
	return PTR_ERR_OR_ZERO(hw);
```

Soma kutoka chini kwenda juu uone namna itakavyoshuka. Mlango wa watumiaji unafungwa kwanza. Kisha intarapti inarudishwa, na keneli inasubiri ghala_irq imalize kama ilikuwa inaendelea. Kisha kazi inafutwa, na hakuna tena wa kuirudisha kwenye foleni. Kisha umeme unazimwa, kumbukumbu inaachiliwa. remove imebaki tupu, kwa hiyo niliifuta kabisa.

Kwenye bodi ambazo vdd imeunganishwa moja kwa moja na haizimiki, kihisi kitaendelea kupima hata draiva ikiondoka. Hapo ongeza fanksheni ndogo ya kukilaza, uisajili kwa devm_add_action_or_reset mara tu baada ya ghala_anzisha kufaulu.

Probe hurudiwa

Tangu toleo 3.4 la mwaka 2012, probe inaweza kurudisha -EPROBE_DEFER, yaani ninachokitegemea hakijafika, niite baadaye. Keneli itaiita tena kutoka mstari wa kwanza, pengine mara nyingi kabla ya mfumo kutulia. Tundu dogo la kumbukumbu ambalo ungelisamehe linaongezeka kila inaporudiwa. Tumia dev_err_probe, kwa sababu inanyamaza kwenye hali hiyo na kupiga kelele kwenye kosa la kweli, na usibadilishe namba ya kosa uliyopewa kuwa -ENODEV (hakuna kifaa). Ukiibadilisha umemwambia keneli asirudi tena, na kifaa kitakosekana hadi mtu awashe upya. Vifaa vinavyosubiri vinaonekana kwenye /sys/kernel/debug/devices_deferred.

Kwenye init ya moduli hakuna devm

Hapo ni goto za kawaida, na sioni aibu yoyote kuzitumia. Ninachosisitiza kwa vijana wanaokuja karakana kwangu kutoka MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya) ni majina ya lebo. Lebo itaje inachofanya. err1, err2, err3 zinaharibika siku mtu anapoingiza hatua mpya katikati.

```c
static int __init ghala_init(void)
{
	int ret;

	ret = alloc_chrdev_region(&ghala_namba, 0, GHALA_MAX, "ghala");
	if (ret)
		return ret;

	ret = class_register(&ghala_class);
	if (ret)
		goto rudisha_namba;

	ret = i2c_add_driver(&ghala_driver);
	if (ret)
		goto futa_class;

	return 0;

futa_class:
	class_unregister(&ghala_class);
rudisha_namba:
	unregister_chrdev_region(ghala_namba, GHALA_MAX);
	return ret;
}
```

i2c_add_driver iwe ya mwisho, kwa sababu probe yako inaweza kuitwa humo humo kabla haijarudi, na itataka class na namba viwe tayari. Angalia pia kwamba ret inabeba kosa kabla ya kila goto. Ukiruka na ret yenye sifuri, keneli inaamini kila kitu kimefaulu, na baadaye inakuja kuita usafishaji wa vitu ambavyo havikuwahi kuwepo.

Faili lililoachwa wazi

ghala ina pia /dev/ghala0 kwa vipimo ghafi, na skripti ya ghalani inalifungua asubuhi na kukaa nalo siku nzima. Kifaa kikitenganishwa na draiva wakati huo, devm inaachilia g, lakini faili bado liko wazi mkononi mwa skripti. read inayofuata inaingia kwenye kumbukumbu iliyokwisha kuachiliwa.

Kwa hiyo muundo wowote wenye struct device au cdev ndani yake usiupatie kumbukumbu kwa devm_kzalloc. Tumia kzalloc, ita device_initialize, weka fanksheni ya release yenye kfree, kisha cdev_device_add. Wakati wa kuondoa: chukua kufuli, weka alama kwamba kifaa hakipo, achia kufuli, ita cdev_device_del, malizia na put_device. Ndani ya read na ioctl angalia alama hiyo chini ya kufuli hilohilo na urudishe -ENODEV. Kumbukumbu itaachiliwa pale mtu wa mwisho atakapofunga faili, hata ikiwa jioni.

Hapa pia ndipo lilipo kosa ninaloliona mara nyingi kwenye draiva za watu: device_register imeshindwa, mwandishi anaita kfree. Hapana. Hesabu ya washikaji imeshaanza na jina la kifaa limeshatengewa kumbukumbu, kwa hiyo ita put_device uiache release ifanye kazi yake.

Lazimisha kushindwa ukiwa mezani

Usisubiri radi ya Rungwe ikufanyie majaribio. Kwenye bodi za Raspberry Pi kihisi hukaa kwenye basi namba 1. Kama anwani yake ni 0x44, fungua dirisha moja ukiwa root uandike:

```
cd /sys/bus/i2c/drivers/ghala
while true; do
	echo 1-0044 > unbind
	echo 1-0044 > bind
done
```

Dirisha la pili lisome temp1_input bila kupumzika, la tatu lishike /dev/ghala0. Iache ikizunguka usiku kucha, na mara mojamoja chomoa waya wa umeme wa kihisi. Ukijenga keneli yako mwenyewe, washa CONFIG_DEBUG_TEST_DRIVER_REMOVE, ambayo inaita probe, inaondoa, inaita tena probe kwa kila kifaa kinapoanza. Washa na CONFIG_DEBUG_SHIRQ kama intarapti yako inashirikiwa: inapachika intarapti ya uongo pale intarapti inaporudishwa, na hiyo hufichua kosa la tatu tulilolizungumza.

KASAN, kikaguzi cha kumbukumbu cha keneli, ndiyo inayokuonyesha kumbukumbu iliyotumika baada ya kuachiliwa, pamoja na mstari ulioiachilia. Ile ya kawaida inachukua sehemu moja ya nane ya kumbukumbu yote, na bodi ndogo italemewa. Mimi huifanyia kwenye laptopu: modprobe i2c-stub chip_addr=0x44 inakupa kihisi cha bandia, kisha unaandika ghala 0x44 ndani ya faili la new_device la basi hilo. Hakina intarapti na kinajibu amri za SMBus tu (seti finyu ya amri za I2C), kwa hiyo njia ya intarapti lazima uijaribu kwenye bodi halisi.

Kwa upande wa kumbukumbu kukosekana, tumia failslab, inayoyakataa maombi ya kumbukumbu kwa makusudi, pamoja na fail-nth, inayokuwezesha kuangusha ombi moja moja kwa namba:

```
echo N > /sys/kernel/debug/failslab/ignore-gfp-wait
for n in $(seq 1 60); do
	bash -c "echo $n > /proc/self/fail-nth
	         echo 1-0044 > /sys/bus/i2c/drivers/ghala/bind"
	echo 1-0044 > /sys/bus/i2c/drivers/ghala/unbind 2>/dev/null
done
```

Mstari wa kwanza wengi hawaujui. Bila huo, failslab inayaacha maombi yote ya GFP_KERNEL yapite salama, yaani karibu maombi yote ya probe, nawe utadhani draiva imefaulu mtihani ambao haukufanyika. Namba za mwanzo zitaangukia kwenye kufungua faili la bind lenyewe. Zinazofuata zinaingia ndani ya probe, hatua kwa hatua.

Mzunguko ukiisha, andika scan ndani ya /sys/kernel/debug/kmemleak, faili la kitafuta kumbukumbu iliyovuja, subiri kidogo, andika tena, halafu lisome. Skani ya kwanza peke yake huleta majina ya bure. Kila kitu kilichovuja kinakuja na orodha ya fanksheni zilizokiomba. Shuka kwenye orodha hadi mstari wa kwanza wenye jina la moduli yako, kisha rudi kwenye ile karatasi utafute jina hilo upande wa kushoto. Upande wa kulia wake utakuta pako wazi, au utakuta pameandikwa kitu ambacho kwenye njia ile ya kushindwa hakifikiwi.

Kila kosa litengenezee kiraka chake, na kama draiva imo ndani ya keneli kuu, weka mstari wa Fixes wenye herufi 12 za kwanza za komiti iliyolileta. Kiraka cha mpangilio wa intarapti usikichanganye na cha umeme: watu wa matoleo ya zamani watahitaji kuchukua kimoja bila kingine, na keneli za zamani hazina devm_regulator_get_enable. Kwa hizo nilibaki na regulator_enable ya mkono, nikaweka devm_add_action_or_reset mstari unaofuata.